Mtoto akilala, wewe unalala?

Ukimuuliza mzazi mwenye kichanga "unajisikiaje?", atakujibu "tunaendelea vizuri, namshukuru Mungu", na mazungumzo yataishia hapo. Kwa hiyo mimi huuliza hivi: mtoto akilala, na yupo mtu wa kumwangalia, wewe unapata usingizi? Uchovu peke yake hauniambii kitu, maana kila mwenye kichanga amechoka. Ila aliyechoka tu, ukimpa kitanda na utulivu, hulala kama gogo. Anayejilaza macho makavu, moyo unamwenda mbio, masikio yametegwa kwenye pumzi za mtoto aliye chumba cha pili, huyo ana jambo lingine la kuangaliwa: afya yake ya akili.

Baada ya hapo nahesabu siku. Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni, homoni ambazo ujauzito ulizipandisha sana, huporomoka ndani ya siku chache. Juu yake kuna maumivu, maziwa yanayojaa na usiku usio na usingizi. Ndiyo maana kati ya siku ya tatu na ya tano mama analia, anacheka, kisha analia tena bila kujua kwa nini. Hali hii huwapata zaidi ya nusu ya wanaojifungua na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Haitaki dawa. Inataka chakula, usingizi, na watu wasiomwambia "unalilia nini na mtoto umepata?"

Wiki mbili zikipita na hali ni ile ile au imezidi, tunazungumzia sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo. Wengi huisubiri kwa sura ya machozi, nayo mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira za ghafla, au ganzi: mama anabadilisha nepi, ananyonyesha kwa wakati, mtoto anaongezeka uzito vizuri, lakini yeye anahisi kama anamlea mtoto wa mtu mwingine mpaka mwenyewe arudi kumchukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea viwango viko juu zaidi. Angalia hapo kwamba wajawazito wamo. Kwa wengi tatizo lilianza wakati wa ujauzito, likaitwa "mambo ya mimba" na kuachwa. Baba naye hanusuriki: takriban mmoja kati ya kumi hupata sonona, na kwake huonekana zaidi kama kununa, kukawia kurudi nyumbani au kuzidisha pombe.

Chombo kinachotumika sana kupima sonona ya uzazi ni fomu iitwayo Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Kwa kawaida alama 13 na kuendelea humaanisha mtu aonwe na mtaalamu. Sehemu nyingine huanzia 10. Kosa ninaloliona sana ni la hesabu. Swali la 1, la 2 na la 4 huhesabiwa kutoka juu kushuka, jibu la kwanza likiwa 0. Yaliyobaki yamegeuzwa, jibu la kwanza ni 3. Asiyelijua hilo anaweza kumrudisha nyumbani mama anayeumwa. Kosa la pili ni kujaza fomu huku mume au mama mkwe amekaa pembeni. Na swali la 10, la kufikiria kujidhuru, halingoji jumla: jibu lolote lisilo 0 linazungumzwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni 6.

Sasa jambo ambalo watu hulificha kuliko yote. Mama amesimama juu ya ngazi na mtoto mkononi, ghafla akili inamwonyesha mtoto akianguka, na mbaya zaidi, inamwonyesha yeye ndiye anayemwachia. Au anakata vitunguu, anamwona mtoto, anakiona kisu. Mawazo ya namna hii huwajia wazazi wengi sana, mama kwa baba, wakiwemo wasio na ugonjwa wowote. Ni akili iliyopewa ulinzi wa kiumbe dhaifu, ikapitiliza katika kutafuta hatari. Kinachoyageuza kuwa tatizo ni namna tunavyoyakimbia. Anaficha visu, anakataa kumwogesha mtoto, anaamka mara ishirini kuhakikisha anapumua. Kila akikwepa anapata nafuu ya dakika chache, na akili inajifunza kwamba hatari ilikuwa ya kweli, kwa hiyo wazo linarudi na nguvu mpya. Tiba ya maongezi huligeuza hilo hatua kwa hatua: leo anamwogesha na mtu mlangoni, wiki ijayo peke yake.

Ninapolisikia wazo kama hilo, naangalia limemshika vipi. Anayetetemeka, anayeona aibu, anayesema "siwezi kamwe kufanya hivyo, mbona nawaza hivi?", huyo wazo linamchukiza, na hofu yake yenyewe inanipa utulivu. Tofauti kabisa ni yule anayeliona wazo ni ujumbe au amri. Saikosisi baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, huwapata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na huja kwa kasi. Amekaa usiku mbili bila kulala na hasemi amechoka. Anaongea mfululizo, anachanganya mambo, asubuhi yuko sawa na mchana hajielewi, anasikia sauti au anaamini mtoto si wa kawaida. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto. Mwenye historia ya ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), unaompandisha na kumshusha mtu hisia kupita kiasi, au aliyewahi kupata saikosisi, apange na daktari mapema katika ujauzito, dawa zake nazo zikijadiliwa. Valproati, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, kwa mfano, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini kuiacha ghafla bila daktari nako ni hatari.

Kwa sonona ya kawaida naanza na usingizi, nao uwe wa mkupuo mmoja wa saa nne au tano, si vipande vya dakika arobaini. Mama ananyonyesha au kukamua saa tatu usiku, anakwenda chumba kingine, na mwenzake anashika zamu hadi saa nane. Mpango huu huharibika kwa vitu vidogo: msaidizi anabisha hodi kuuliza nepi ziko wapi. Basi nepi, nguo na maziwa viwekwe sehemu moja kabla ya zamu. Simu ya mama ibaki kwa mwenye zamu.

Apimwe pia wingi wa damu na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Upungufu wa damu na thairoidi iliyovurugika baada ya uzazi vyote huleta uchovu na huzuni, na havitibiwi kwa maongezi. Dawa zikihitajika, sertralini, dawa ya sonona, hupita kidogo sana kwenye maziwa, kwa hiyo mara nyingi kunyonyesha kunaendelea. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, ilhali kichefuchefu huja wiki ya kwanza, ndiyo maana wengi huacha siku ya tano. Akishapona huendelea nayo angalau miezi 6, kisha hupunguzwa polepole.

Ukifika kliniki, usianze na "sijisikii vizuri". Utapimwa presha na kurudishwa. Taja muda, dalili na kinachokushinda: "Wiki ya tatu sasa silali hata mtoto akilala, sina hamu ya chakula, na naogopa kubaki naye peke yangu."