Mshipa wa kusafishia damu: kwa nini hupungua upana na kuziba?

Mgonjwa wa figo hutengenezewa mshipa gani mkononi?

Daktari wa upasuaji huunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (unaoirudisha moyoni), mara nyingi karibu na kifundo cha mkono au kiwiko. Vena ikishapokea damu ya ateri hupanuka na kuta zake huwa nene, hata ikaweza kuhimili sindano mbili nene katika kila awamu ya kusafishwa damu kwa mashine, ambazo kwa kawaida ni tatu kwa wiki. Huchukua wiki kadhaa kukomaa.

Kwa nini basi hupungua upana?

Vena haikuumbwa kupokea damu yenye msukumo mkubwa kiasi hicho. Damu inapovurugika kwenye maungio, utando wa ndani hujeruhiwa, na mwili, katika kujitibu, huzalisha chembehai za misuli na nyuzi za kovu zinazotuna kuelekea ndani mpaka njia inasongwa. Kuchoma sindano mahali palepale kila mara hudhoofisha ukuta na kuongeza makovu. Aliyewahi kuwekewa katheta, yaani mrija wa kupitishia damu, chini ya mtulinga anaweza kuwa na kovu katika vena kubwa ya kifuani, na mkono wake ukavimba baadaye sana. Njia iliyosongwa hupitisha damu polepole, nayo huganda kwa urahisi, hasa presha inaposhuka baada ya kusafishwa damu au mgonjwa anapoharisha na kupungukiwa maji.

Mtu atajuaje akiwa nyumbani?

Kila asubuhi aweke vidole vya mkono wa pili juu ya mshipa. Ule mzima huwa na mtetemo mwororo usiokatika. Ukidhoofika, ukigeuka kuwa mapigo magumu, au damu ikichelewa kukatika baada ya sindano kutolewa, awaambie wauguzi mapema. Mtetemo ukitoweka kabisa, aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri zamu yake. Kwa anayetoka kisiwa cha Ukerewe kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kusafishwa damu, nasisitiza aupime kabla kivuko hakijaondoka Nansio.

Je, ukiziba unaokolewa?

Mara nyingi, akiwahi. Sehemu nyembamba hutanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa, na damu iliyoganda huweza kuondolewa. Kovu linaweza kurudi, hivyo uangalizi hauishi.

Mchuuzi wa samaki wa soko la Mwaloni, Mwanza, aendelee na kazi?

Anaweza, ila asitundike kapu kwenye mkono huo wala asiulalie, na asikubali upimwe presha au utolewe damu ya vipimo.