Acheni Kusema Vijana wa Pwani Hawataki Kazi

Kila mradi wa ajira kwa familia za wenyeji ukiyumba hapa Mombasa, husemwa lile lile: watu wa Pwani hawapendi kazi. Kisha huandaliwa mafunzo mengine ya wiki mbili na vyeti vikagawiwa upya. Nimechoka nayo.

Karatasi kwanza. Bila kitambulisho hakuna pini ya KRA (namba ya mlipa kodi), hakuna akaunti ya benki, hakuna cheti cha tabia njema, kile cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Wamakonde na Wapemba waliishi hapa miaka mingi bila uraia: Wamakonde walitambuliwa 2016, Wapemba 2023, kwa hiyo zipo nyumba ambazo kitambulisho cha mzazi ni kipya kuliko cha jirani yake kijana. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050, na vidole lazima vipigwe chapa. Mwenye mradi, usimlipishe mtu mapema: tangu Sheria ya Ajira irekebishwe 2022, mwajiri haruhusiwi kudai vyeti vya namna hiyo kabla hajakusudia kumwandikia mkataba. Pesa hizo zingoje hadi kazi ipatikane.

Fundi aliyejifunzia gereji hahitaji kurudishwa darasani. Mpeleke mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, aanze na Gredi ya Tatu, ambayo ndiyo ya chini.

Sasa penye maumivu: mwezi wa kwanza. Dada kutoka Likoni akipata kazi ghalani Changamwe, feri anavuka bure, lakini matatu hazimbebi bure. Chukua shilingi 100 tu kwa siku, siku 26: ni 2,600, na mshahara uko mwisho wa mwezi. Tena huyo dada ndiye aliyekuwa akilea watoto wa nyumba nzima. Mama akiacha kukaanga mahamri ili awashike wajukuu, familia imepoteza pesa ya kila asubuhi kwa kungojea mshahara. Wiki ya pili dada anaacha kazi, na ripoti inaandika "uvivu". Mradi ulimhesabu mtu mmoja. Kazi ilichukuliwa na familia.

Kwa hiyo lipeni nauli kila wiki, na mlipeni mlezi wa watoto, hadi mshahara wa kwanza uingie. Hapa nami nasitasita: posho ikiwa nono, watu huifuata yenyewe na kazi wanaiacha. Kwangu, nauli halisi na malipo ya mlezi ndiyo kikomo.

Jambo moja huharibu hata mradi mzuri. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira humhesabu kibarua kuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwezi akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, kwa hiyo waajiri wengine humwondoa kabla siku hizo hazijatimia. Muulizeni mwajiri, kabla hamjampelekea mtu, atamwandikia mkataba wa muda gani.