Mfamasia aliyetundika mwavuli juu ya kitanda

Mtu akiniuliza kazi yangu, humjibu kwamba nasafisha picha za watu waliokufa zamani. Naondoa vanishi iliyogeuka rangi ya chai, nagandisha upya rangi inayobanduka, na siku nyingine jua huzama nikiwa bado natazama sentimita mbili za ubao kupitia lenzi. Ukifanya kazi hii muda mrefu unaishia kuwapenda wachoraji wanaostahimili kutazamwa kwa karibu. Wangu ni Carl Spitzweg.

Wajerumani wamemzoea mno. Wamemweka kwenye kalenda na makopo ya biskuti, wakamfanya babu mpole wa kuchekesha: vizee vyenye miwani, vichochoro vya mji mdogo, maua dirishani. Sibishi kwamba hayo yote yamo. Ila huyu babu alikuwa na meno.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1808 huko Unterpfaffenhofen, karibu na Munich, mtoto wa pili kati ya wavulana watatu wa mfanyabiashara mwenye nazo, Simon Spitzweg. Mzee alikwisha wagawia wanawe kazi: mkubwa arithi biashara, wa kati awe mfamasia, na mdogo naye akapangiwa yake. Carl hakubisha. Alijifunza kazi katika duka la dawa la jumba la mfalme mjini Munich, akafanya kazi Straubing, akasoma chuo kikuu, na mwaka 1832 akahitimu vizuri kabisa. Mwaka uliofuata akaugua, akaenda kujiuguza Bad Sulz, chini ya mlima Peissenberg. Huko alikutana na wachoraji. Walipoona michoro yake walimshawishi aachane na chupa za dawa, naye hakuhitaji kubembelezwa sana.

Hapa vijana wanaoniandikia huruka mstari mmoja, nami nitauandika kwa wino mzito: baba yake alikufa mwaka 1828 na kumwachia urithi wa kutosha. Msiache kazi zenu kwa kumtaja Spitzweg.

Akademia ya sanaa hakuisomea. Alijifundisha mwenyewe, hasa kwa kunakili picha za Waholanzi wa karne ya 17, wale mafundi wa kuchora jikoni, baa na vyumba vya kusomea. Ila wanaosema alianza bila ujuzi wamesahau duka la dawa la enzi hizo lilivyokuwa. Mfamasia alisaga madini kwenye kinu, akapima kwa mizani ndogo, akachanganya na mafuta au gundi, akajua kipi kinachacha na kipi kinaunguza. Mchoraji alifanya yaleyale. Kwa hiyo Spitzweg alijitengenezea rangi zake akijua anachofanya, na nyingi kati ya picha zake ndogo alizichora juu ya mbao za visanduku vya sigaa. Ubao wa namna hiyo ni mwembamba, mkavu, laini, na haupotezwi bure na mtu aliyezoea kupima kila kitu.

Picha iliyompa jina ni ya mwaka 1839, Der arme Poet, yaani Mshairi Maskini. Wengi wakiiona kwa mara ya kwanza hushtuka kwa udogo wake: sentimita 36 kwa 45 hivi, unaweza kuibeba kwapani. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Chumba ni cha darini, na nje ya dirisha mapaa yamefunikwa theluji. Mshairi amelala juu ya godoro lililowekwa sakafuni, kofia ya kulalia kichwani, unyoya wa kuandikia ameung'ata mdomoni. Juu yake umetundikwa mwavuli uliofunguliwa, kwa sababu dari linavuja. Jiko limezimika. Utajuaje? Kofia yake ya kutokea imetundikwa kwenye bomba la moshi. Bomba lingekuwa la moto asingethubutu. Sasa shusha macho kwenye mdomo wa jiko. Mna karatasi zimesukumwa humo, na chini kuna bunda la miswada lenye maandishi ya Kilatini yanayosema ni bunda la tatu la kazi zake. La kwanza na la pili yako wapi? Nadhani ndiyo yaliyompasha moto wiki iliyopita.

Ukutani amechora alama za mizani ya Kiyunani, silabi ndefu na fupi. Mkono mmoja ameuinua, kidole gumba na cha shahada vimebanana. Wataalamu wamegombania vidole hivyo kwa miaka mingi: wengine wanasema anahesabu mizani, wengine wanasema amemnasa kiroboto. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kumwona mshairi akikunja vidole kutafuta nane kwa nane ataiona mizani mara moja. Mimi naona kiroboto. Uso wake una uzingativu ambao mtu hawi nao kwa ajili ya silabi, na Spitzweg alikuwa mtu wa kuweka dozi ndogo ya uchungu ndani ya kila asali.

Picha hiyo ilipotundikwa katika chama cha wapenda sanaa cha Munich haikupokewa vizuri. Watu walizoea mshairi achorwe kama nabii, macho mbinguni, nywele zikipepea. Huyu ana viroboto. Munich walikuwa na mfano halisi wa mtu kama huyo, Mathias Etenhueber, mshairi wa karne ya 18 aliyeishi kwa dhiki, na mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyemo kichwani mwa Spitzweg.

Kuanzia mwaka 1844 alichorea pia jarida la vichekesho la Munich, Fliegende Blätter. Ni jarida hilohilo lililozaa, miaka ya 1850, mhusika wa kubuni aliyetoa jina la Biedermeier, linalotumika hadi leo kwa enzi ile ya Wajerumani waliojifungia ndani na kahawa yao. Walijifungia kwa sababu. Tangu maazimio ya Karlsbad ya mwaka 1819, vitabu na magazeti vilipitia kwa wakaguzi na wapelelezi walijaa. Ukijua hivyo, yule askari wake anayelinda ngome huku akifuma soksi haonekani tena kuwa utani mtupu. Dola lenye kutisha limechorwa likiwa limesinzia.

Mwaka 1851 alisafiri na rafiki yake mchoraji wa mandhari, Eduard Schleich, hadi Paris na London. Aliporudi brashi yake ilikuwa imelegea. Aliwaona wachoraji wa Kifaransa wa kijiji cha Barbizon wakipaka mwanga kwa madoa badala ya mistari, na picha zake za uzeeni, ukizisogelea, zinavunjika kuwa madoadoa ya rangi. Ukirudi hatua mbili, ni mtawa anayetembea korongoni. Sehemu hii ya maisha yake haifiki kwenye makopo ya biskuti, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Heshima zilikuja polepole: Akademia ya Munich, ambayo hakuwahi kuisomea, ilimpa uanachama wa heshima. Hakuoa. Alifariki tarehe 23 Septemba 1885. Ameacha kazi zaidi ya 1,500.

Sasa ule udogo. Alichora Mshairi Maskini zaidi ya mara moja, na nakala mojawapo ilikuwa Berlin. Mwaka 1976 msanii Ulay aliingia mchana katika makumbusho, akaichomoa ukutani, akakimbia nayo hadi mtaa wa Kreuzberg, akaitundika sebuleni kwa familia ya wahamiaji wa Kituruki, kisha akawaita wenye makumbusho waje waione. Ilirudi. Mwaka 1989 ikaibwa kweli katika kasri la Charlottenburg pamoja na picha yake nyingine, Barua ya Mapenzi, na hadi leo hazijaonekana.

Wizi mwingine ulipita mlango wa mbele. Mwaka 1857 Spitzweg alichora sanamu ya Haki penye pembe ya jengo: mizani yake mbovu, na askari anavizia nyuma. Leo Bendel, mfanyabiashara Myahudi wa Berlin, alikuwa mwenye picha hiyo hadi mwaka 1937, alipolazimika kuiuza chini ya shinikizo la Wanazi. Alikufa katika kambi ya Buchenwald mwaka 1940. Picha ilinunuliwa kwa ajili ya makumbusho aliyoyaota Hitler huko Linz. Baada ya vita ikatundikwa katika jumba rasmi la rais wa Ujerumani Magharibi mjini Bonn, Villa Hammerschmidt, wageni wakipita mbele yake kwa suti zao, mpaka ilipokuja kurudishwa kwa warithi.