Onyesho la kielimu la sarafu za ukumbusho ni kitu gani hasa?

Wengi wakisikia "onyesho la sarafu" kinachowajia kichwani ni kabati la vioo, kitambaa chekundu chini, sarafu zimepangwa safu safu, kila moja na kikaratasi cha jina na mwaka, basi. Huo ni mkusanyiko uliowekwa mahali watu wanaweza kuuona. Sisemi mkusanyiko ni kitu kibaya, mtu katafuta sarafu zake miaka na miaka ana haki ya kuzipanga anavyotaka, ila mwanafunzi wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, akipita hapo atasoma vikaratasi viwili vitatu halafu anaenda zake na hajui kwa nini ameonyeshwa vitu vile. Onyesho la kielimu ni pale sarafu imewekwa ijibu swali, na mtu asiyejua lolote akisimama dakika mbili tu anaondoka ameelewa jambo moja ambalo alikuja hana.

Sasa kabla ya onyesho tuelewane kwanza kuhusu sarafu yenyewe maana hapa watu wanachanganya sana. Sarafu ya ukumbusho ni ile nchi inayoitoa kwa sababu ya tukio, mtu au mwaka fulani, tofauti na sarafu za kawaida ambazo picha yake inakaa ile ile miaka yote. Zile zetu za Uganda za tangu 1998, ya shilingi mia yenye ng'ombe wa Ankole, ya mia mbili yenye samaki, ya mia tano yenye korongo wetu mwenye taji, hizo ni za kawaida. Halafu za ukumbusho nazo zina familia mbili. Kuna zinazoingia mtaani kama pesa nyingine, mfano shilingi 1000 ya chuma ya Uganda ilianza kutoka 2012 nchi ilipofikisha miaka 50 tangu ule uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, na leo unanunulia chapati bila hata kuiangalia. Majirani Kenya walitoa ya shilingi 40 mwaka 2003 kwa miaka 40 ya uhuru wao. Familia ya pili ni zile zinazopigwa kwa fedha safi au dhahabu, zinakaa kwenye kiboksi, zinauzwa kwa wakusanyaji kwa bei kubwa kuliko namba iliyoandikwa juu yake, kisheria ni pesa lakini huwezi kumkuta mtu nayo soko la Owino ananunua viatu.

Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Ndiyo kitu cha kwanza onyesho linatakiwa kumwambia mtu, kwa sababu sarafu iliyopita mikononi mwa watu milioni inasimulia habari moja, na sarafu ambayo haijawahi kutoka kwenye kiboksi inasimulia nyingine kabisa. Ya kwanza serikali inaongea na raia wake. Ya pili mara nyingi inaongea na mnunuzi aliyeko Ulaya au Marekani.

Chukua mwaka 1981. Prince Charles anamuoa Diana kule London, na Uganda nayo inatoa sarafu ya ukumbusho ya harusi hiyo. Uganda ya 1981, jamani, nchi imetoka tu vitani, maduka hayana sukari, halafu jina lake liko kwenye sarafu ya harusi ya Waingereza. Ukiiweka kwenye kabati na kikaratasi "Uganda, Harusi ya Kifalme, 1981" umepoteza somo zuri kuliko yote. Ukiiweka na swali "Kwa nini Uganda?" mtoto anasimama. Na jibu lipo: nchi nyingi zinaruhusu viwanda vya sarafu vya nje kupiga sarafu za wakusanyaji kwa jina la nchi, kiwanda kinauza, nchi inapata ada yake. Hapo mtoto amejifunza kitu kuhusu biashara ya dunia kutoka kwenye kipande cha chuma kisichozidi kiganja chake, na hatasahau.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, kupanga onyesho kunaanza na swali halafu ndiyo unatafuta sarafu ya kulijibu. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na sarafu walizonazo wanataka zote zionekane. Sarafu tano zenye swali moja zinafundisha kuliko hamsini zilizotupwa tu pale. Najua inauma kuacha nyingine kwenye droo, lakini zile za kwenye droo hazijapotea, utazitumia siku nyingine na swali lingine.

Ngoja nitoe mfano mmoja niuvute mpaka mwisho ili ieleweke vizuri, na nautoa ule ninaoupenda kuliko yote, ziara ya Papa Paulo wa Sita. Alitua Entebbe tarehe 31 Julai 1969, ndiye papa wa kwanza kutembelea Afrika akiwa madarakani, na Uganda ilitoa sarafu za fedha na za dhahabu kwa ajili ya ziara hiyo. Sasa mtu wa mkusanyiko ataandika uzito, kiwango cha fedha, namba ngapi zilipigwa. Mtu wa onyesho la kielimu atajiuliza, kwa nini alikuja kwetu kabla ya kwingine kote Afrika? Hapo ndipo unarudi nyuma mpaka 1885 hadi 1887, enzi za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana wa ikulu wanauawa kwa sababu ya dini, wengi wao wanachomwa moto Namugongo. Unakuja mpaka tarehe 18 Oktoba 1964, Papa huyu huyu kule Roma anawatangaza 22 kati yao, wale Wakatoliki, kuwa watakatifu. Miaka mitano baadaye anakuja mwenyewe kuona mahali walipofia, na kule Kololo anawaweka wakfu maaskofu 12. Ukishaweka hayo matatu kwenye mstari mmoja wa miaka, sarafu inakaa mwisho wa mstari na mtu anaona mwenyewe kwa nini ilipigwa. Na usisahau mashahidi Waanglikana, 23, waliuawa pamoja na Wakatoliki, na Papa alifika pia kwenye sehemu yao pale Namugongo. Sarafu haiwataji wote hao, sarafu ni ndogo, ila onyesho lina nafasi, na likiwaacha litakuwa limefundisha nusu ya habari kwenye nchi ambayo familia moja unakuta mama ni wa Rubaga, kwa Wakatoliki, na baba ni wa Namirembe, kwa Waanglikana.

Maandishi yake sasa. Lebo ya sarafu moja isizidi maneno hamsini hivi, watu wanasoma wamesimama, nyuma yao kuna wengine wanasukuma. Kwa sarafu hiyo ya ziara ya Papa mimi ningeandika: "Papa Paulo VI alifika Uganda tarehe 31 Julai 1969, papa wa kwanza kutembelea Afrika akiwa madarakani. Miaka mitano kabla alikuwa amewatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Sarafu hii ya fedha ilitolewa kwa ajili ya ziara yake. Kama ungeambiwa uchague picha ya kuweka upande wa pili, ungechagua nini?" Basi. Uzito na kipimo weka chini kabisa kwa herufi ndogo kwa wanaovitaka, wapo na wao wana haki yao. Hilo swali la mwisho ndilo linawafanya watoto waanze kubishana, na wakibishana wanaiangalia tena sarafu.

Kuhusu lugha, kwetu hapa hili si jambo dogo. Kampala mtu anasoma Kiingereza, anaongea Luganda nyumbani, na Kiswahili sasa kimeingia shuleni kwa nguvu, mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unacho na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shule za msingi na sekondari kama somo la lazima. Ukijaza lugha tatu kwenye lebo moja hakuna atakayesoma hata moja. Afadhali lugha moja iwe kubwa ukutani, nyingine iwe kwenye karatasi ngumu ambayo mtu anaishika mkononi na kuirudisha.

Shida kubwa ya sarafu ukilinganisha na vitu vingine vya kuonyesha ni udogo. Nyingi zina upana wa sentimita mbili mpaka nne, mtu akiwa hatua moja nyuma ya kioo anaona duara linalong'aa. Dawa yake ni picha kubwa, printi upana wa sentimita thelathini au zaidi, iwe pembeni ya sarafu halisi, mtu asome kwenye picha halafu aitazame ile yenyewe. Pande zote mbili zionekane, kama una sarafu mbili zinazofanana laza moja hivi na nyingine vile, kama unayo moja weka kioo cha kujitazamia chini yake au picha ya upande wa pili. Taa usiiweke juu moja kwa moja maana inaangaza tu chuma na picha inapotea, iweke pembeni, chini chini, ili michoro ipate kivuli chake na mdomo wa korongo uonekane umeinuka. Na urefu! Katikati ya onyesho ikae kama sentimita 145 toka sakafuni kwa watu wazima, ila kama wageni wako ni watoto wa P4, darasa la nne, teremsha, na mtu wa kiti cha magurudumu umfikirie tangu mwanzo usije ukamkumbuka siku ya kufungua.

Kuna kitu kinaniuma kila nikikiona, sarafu ya zamani imesuguliwa kwa dawa ya meno au majivu mpaka inang'aa kama sufuria mpya. Msisafishe sarafu jamani. Ule weusi juu ya fedha ni kemikali za salfa kutoka hewani zimekutana na chuma, ukiisugua unaondoa na chuma chenyewe, mistari midogo ya mchoro inafutika na hairudi. Cha kufanya ni kuzuia. Usilaze fedha juu ya kitambaa cha sufu, usiifunge na raba, usiiweke kwenye sanduku la mbao lililopigwa vanishi jana, vyote hivyo vinatoa hewa inayoharibu. Vile vifuko laini vya plastiki vya PVC vinavyouzwa bei rahisi navyo vikikaa miaka vinatoa ute wa kijani unaokula shaba, tafuta vya poliesta. Gundi kamwe. Shika kwa ukingo, vaa glavu. Kwetu karibu na ziwa hewa ina maji mengi, kwa hiyo ndani ya kabati weka vile vipakiti vidogo vya kukausha unavyovikuta kwenye boksi la viatu, vingi, na uvibadilishe, havidumu milele.

Mwalimu wa Mubende au Arua anaweza kusema hana kabati, hana sarafu ya fedha, hana glavu, kwa hiyo haya hayamhusu. Yanamhusu sana. Onyesho la kielimu linaweza kukosa kabisa sarafu ya gharama na bado likafundisha vizuri. Picha kubwa za sarafu za zamani ukutani, halafu mezani sarafu za mtaani ambazo watoto wanazishika wenyewe, wanazigeuza, wanazichora kwa kupaka penseli juu ya karatasi iliyolala juu ya sarafu. Ukipata kwa mzee yeyote kijijini senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya tundu katikati, iweke hapo, ilitumika Uganda kabla Benki ya Uganda haijafunguliwa 1966 na ikaanza kutoa zetu. Kuna pia ile ya shilingi tano ya 1968 yenye ng'ombe na ndama, ilitoka kwenye mpango wa sarafu wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na darasa la kilimo linaweza kuitumia kipindi kizima: kwa nini ng'ombe, kwa nini mwaka ule, kwa nini kwenye pesa na si kwenye bango. Na mtaala mpya unataka wanafunzi wafanye projekti, hii ni projekti tayari, historia ipo, sanaa ipo, hesabu ipo, wape kikundi kila kimoja sarafu moja na ukuta wa mita moja.

Kwa wanaotaka kuona jinsi vitu vya kale vinavyopangwa, Uganda Museum iko Kira Road pale Kitante, imeanza tangu 1908 kule Old Kampala na jengo la sasa ni la 1954. Nenda na daftari. Usiangalie vitu peke yake, angalia watu, wanasimama wapi, wanapita wapi bila kusimama, lebo gani wanaisoma mpaka mwisho. Utajifunza zaidi hapo.

Halafu kabla hujafungua lako, mwite mtu ambaye hakuhusika kabisa, mpishi wa shule au askari wa geti, mwache apite peke yake bila wewe kueleza chochote, akitoka muulize kitu kimoja, "Umeelewa hii ilikuwa ya nini?" Akikueleza habari ya sarafu kwa maneno yake, fungua mlango. Akikuambia "nimeona pesa za zamani, nzuri," rudi ukaandike lebo upya.