Mashine ya Petroli Kwenye Nyasi Nene: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huzikuza nyasi kwa kasi katika maeneo ya Kampala, Entebbe na Jinja, hata kiwanja kilichoachwa majuma machache kikageuka kichaka. Ndipo mashine ya petroli ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma kwa mikono, inapotolewa stoo, pamoja na imani kadhaa zinazoweza kumgharimu mtu vidole.

Imani iliyo hatari kuliko zote ni kwamba injini ikizimika kwa kusakamwa na nyasi, kisu hakina nguvu tena, hivyo mtu anaweza kuingiza mkono na kuchomoa mabonge yaliyonasa. Ukweli ni kwamba katika mashine nyingi za aina hii kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Anayekigeuza kisu kwa mkono anaizungusha injini yenyewe, na sumaku iliyo kwenye gurudumu zito la injini hiyo inapopita mbele ya koili (waya uliosokotwa unaozalisha umeme wa kuwashia), plagi inaweza kutoa cheche na kuwasha petroli iliyobaki ndani ya silinda. Mzunguko mmoja tu unatosha kukata vidole, na glavu ya ngozi haiuzuii. Chomoa kwanza waya wa plagi na kuuweka mbali, kisha ondoa nyasi kwa kijiti, wala si kwa mkono.

Wapo pia wanaoifunga kwa mpira wa baiskeli ile nondo ya usalama iliyo kwenye mpini, wakidai kwamba huchosha mkono. Nondo hiyo ipo ili kisu kisimame mara mtu anapoteleza na kuachia mpini. Kanuni za Marekani za tangu 1982 zinataka kisimame ndani ya sekunde 3. Ikifungwa, anayeanguka huangukia kisu kinachozunguka.

Wengine hudhani kwamba dawa ya nyasi nene ni kusukuma kwa nguvu zaidi. La hasha: pandisha mashine kwenye kimo cha juu kabisa, tembea polepole, kata nusu tu ya upana wake kwa kila mkondo, kisha urudie ukiwa umeishusha. Mabingobingo na nyasi zinazopita magoti zifyekwe kwanza kwa fyekeo, ambalo kwa maoni yangu linadharauliwa bila sababu. Nyasi zilizolowa heri zisubiri jua, kwa maana huganda chini ya mashine na kutelezesha miguu.

Kuhusu kile kibao cha pembeni panapotokea nyasi, husemwa kwamba kikiondolewa mashine haisakamwi. Huenda ikawa hivyo, lakini ncha ya kisu hupita kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 250 kwa saa, na bila kibao hicho jiwe la murram, kipande cha chupa au waya hurushwa moja kwa moja kuelekea kwa watu. Kwa hiyo kibao kibaki mahali pake, eneo lote likaguliwe kwa miguu kabla ya kuanza, vichuguu na visiki viwekewe alama, na watoto wakae mbali kabisa hadi injini izimwe.

Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma hukata kwa kukingama, si kwa kupanda na kushuka, na haivutwi kuelekea miguuni. Petroli nayo huongezwa injini ikiwa imezimwa na kupoa, hata kama kazi imebaki kidogo.