Mbung'o wa Unguja na miale ya gamma

Swali ninaloulizwa sana hapa Unguja halihusu eksirei wala minara ya simu. Linahusu wadudu: "Mwalimu, wale mbung'o walokuwa wakimwagwa kwa ndege, hawakutuachia mionzi?"

Hawakuacha. Kuanzia 1994 madume ya mbung'o, inzi wanaoambukiza mifugo maradhi, yaliyofugwa Tanga yalipigwa miale ya gamma hadi yakawa tasa, kisha yakaachiwa huku kwa mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, ndiyo basi, hazai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo fizikia imewahi kuwafanyia wafugaji wetu, na hatuisimulii vya kutosha.

Gamma ni mwanga, wa ukoo mmoja na mwanga wa jua na mawimbi ya redio, ila nishati yake ni kubwa mno na jicho haliuoni. Hutoka ndani ya kiini cha atomu: kiini kikishabadilika, mara nyingi hubakiwa na nishati ya ziada, nacho huitua kwa kurusha gamma. Eksirei za hospitali zinatokana na elektroni, nje ya kiini. Mfaransa Paul Villard aliigundua gamma mwaka 1900 akichunguza radiamu. Jina ikapewa na mwanafizikia Ernest Rutherford baadaye.

Gamma ya kobalti-60 au sesiamu-137, ambazo ni vyanzo vya mionzi, inaweza kukata DNA ya mdudu, na hapo ndipo utasa unapotoka. Lakini haina nguvu ya kuvigeuza viini vya atomu za mwili wake viwe nururifu, yaani vitoe mionzi vyenyewe. Ukizima taa, ukuta hauendelei kung'aa. Viungo vya chakula vinavyouawa vijidudu kwa gamma viwandani havibaki na mionzi kwa sababu hiyo hiyo.

Na gamma unayo mwenyewe. Potasiamu ya kwenye ndizi, kwenye mwani na katika misuli yako ina chembe chache za potasiamu-40, aina ya potasiamu inayotoa mionzi. Ndani ya mtu mzima atomu zake kama 4,000 hubadilika kila sekunde, na takriban moja katika kumi hurusha gamma. Ardhini zipo uraniamu na toriamu pia, ingawa mawe yetu ya matumbawe kwa kawaida huwa nazo kidogo kuliko graniti ya Mwanza.

Cha kuogopwa ni chanzo chenyewe cha mionzi. Mwaka 1987, huko Goiânia nchini Brazil, watu walichukua mashine ya matibabu iliyotelekezwa, wakaifungua kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, ukang'aa gizani, wakagawana. Wanne walikufa. Kwa hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu wa hapa mjini, nyie ndio niliowakusudia: chombo kizito cha madini ya risasi chenye alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu juu ya manjano hakikatwi, hata kiwe na kilo ngapi. Kaeni mbali nacho, muwaite watu wa Tume ya Nguvu za Atomiki.