Chai za Ugiriki ya kale, na kilichochimbwa chini yake

Nyumbani kwetu madogo wakianza gemu zao za miungu ya Kigiriki lazima ugomvi utokee, maana mimi ndo yule kaka wa "hapana, haikuwa hivyo". Wameshanichoka. Sasa naandika yote mara moja, siku nyingine mtu akianza namtumia hii na mimi naendelea kula.

Tuanze na ndogo. Kuna watu wanaamini kabisa Wayunani wa kwenye Biblia ni taifa moja na Wagiriki tunaowaona Kombe la Ulaya ni taifa lingine. Ni walewale. Yunani imetujia kupitia Kiarabu, na asili yake ni Waionia, Wagiriki waliokuwa wanakaa pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, hao ndo walipakana na watu wa mashariki kwa hiyo wote wakabandikwa jina lao. "Ugiriki" nayo ni jina la kupewa na Warumi. Wenyewe wanajiita Wahelene. Na msidhani ilikuwa nchi moja yenye rais na bendera, Athene na Sparta na Korintho kila mmoja alikuwa na serikali yake na walipigana wenyewe kwa wenyewe kuliko walivyopigana na wageni.

Haya, farasi wa mbao, yule Wagiriki waliyejificha tumboni mwake wakaingia mji wa Troya. Ukimuuliza mtu atakwambia yupo kwenye Iliad, utenzi wa Homer wa vita ya Troya, ile ya Wagiriki kumfuata Helen, mke wa mtu aliyetoroshwa. Hayupo! Iliad yote inahusu wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita, inaanza na Achilles, shujaa wa Wagiriki, kununa na inaisha na mazishi ya Hector, shujaa wa Troya, mji bado umesimama. Farasi anagusiwa kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, kwa kupita tu, ila ule mkasa mzima tunaoujua, watu wanambishia kuhani anayesema msiingize hiki kitu, huo kautia nyama Virgil, ambaye ni Mrumi wa karne ya 1 KK, miaka kama 700 baada ya Homer (kama kweli kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Homer).

Kisigino cha Achilles ndo kabisaa. Ile ya mama yake kumshika kisigino akamchovya mtoni ili silaha zisimwingie, ya kwanza iliyotufikia kwa maandishi ni ya Mrumi mwingine, Statius, karne ya 1 BK. Kwenye Iliad yenyewe kitabu cha 21 jamaa anarushiwa mkuki unamchubua mkono na damu inaruka. Sasa mtu asiyeingia silaha anatokaje damu?

Sanduku la Pandora, yule mwanamke aliyelifungua mabaya yote yakatoka likabaki Tumaini tu, nalo halikuwa sanduku. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, kaandika pithos, na pithos ni mtungi, tena siyo huu wa maji ya kunywa, ni lile dude la udongo la kuhifadhia mafuta na nafaka, mengine yana urefu wa mtu mzima. Karne ya 16 msomi Erasmus akaandika kwa Kilatini akaweka pyxis, kikebe kidogo, na dunia nzima ikamfuata mpaka magazeti yetu. Naona bora mtungi, maana unaelewa kwa nini mifuniko ile ilikuwa mizito na kwa nini Tumaini lilibaki ndani chini ya ukingo. Kikebe hakina ukingo wa kujificha.

Sasa tuje Troya yenyewe, hapa nakaa kidogo maana hii ndo tamu. Tunachoambiwa: Mjerumani mmoja, Heinrich Schliemann, alichukua kitabu cha Homer mkononi, akaenda, akachimba, akaipata Troya na dhahabu ya mfalme wake Priam. Stori safi. Shida ni kwamba alipofika kile kilima cha Hisarlik kaskazini-magharibi mwa Uturuki alimkuta Frank Calvert ambaye familia yake ilikuwa inamiliki sehemu ya kilima, ameshachimba kidogo, na ndiye aliyemwambia mzee mji uko hapa. Schliemann alikuwa na hela, Calvert hakuwa nazo. Ilipofika zamu ya kutangaza, Calvert jina lake likayeyuka.

Halafu kile kilima si mji mmoja, ni miji imelaliana kama chapati kwenye sahani, tabaka kubwa 9, unaungua mmoja wanasawazisha wanajenga juu yake. Schliemann akajiambia Troya ya Homer ni ya zamani mno lazima iwe huko chini, akakata mtaro mkubwa katikati ya kilima akawa anatupa kila anachokutana nacho njiani. Mwaka 1873 akapiga dhahabu. Akatangaza ni hazina ya Priam. Kumbe ile ni ya tabaka la pili kutoka chini, karibu 2400 KK, yaani inazidi miaka 1000 kabla ya wakati ambao vita ya Troya kwa kawaida inawekwa, kwenye 1200 KK hivi. Na matabaka ya umri unaofaa, la 6 na la 7? Hayo ndo aliyokuwa anayatoboa kwa sururu akienda chini. Yaani alipita katikati ya alichokuwa anakitafuta.

Na chumvi juu: alisimulia kwamba mkewe Sophia alikuwepo siku hiyo akaibeba ile dhahabu kwenye shali yake ili vibarua wasione. Sophia siku hiyo alikuwa Athene. Mzee mwenyewe baadaye alikiri kwenye barua. Ile picha ya Sophia amevaa vito kichwani mpaka shingoni ni ya kweli, ila alivalishwa baadaye. Dhahabu ikaishia Berlin, 1945 jeshi la Kisovieti likaibeba, ikawa haionekani mpaka miaka ya 1990, sasa iko Makumbusho ya Pushkin, Moscow. Kile kinyago cha dhahabu "cha Agamemnon" (mfalme aliyewaongoza Wagiriki Troya) alichokitoa Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, 1876 ni hadithi ileile, kina kama miaka 300 zaidi ya Agamemnon wa vita ya Troya.

Kwa hiyo Troya yote ni chai? Hapana, tusiende upande wa pili tena. Mji ulikuwepo, ulikuwa na kuta za maana, uliungua, na Wahiti, dola ya kale ya Uturuki ya leo, kwenye maandishi yao wanautaja mji wa Wilusa ambao wataalamu wengi wanaona ndo Ilios, jina lingine la Troya. Kilichokosa ushahidi ni miaka kumi ya vita kwa ajili ya mke wa mtu.

Kisiwa cha Krete nitapita haraka. Ukiona picha za ikulu ya Knossos, zile nguzo nyekundu, unadhani zimesimama hivyo miaka 3500. Sehemu kubwa ya unachokiona ni saruji ya Arthur Evans, Mwingereza aliyeanza kuchimba pale 1900 na akajenga upya alivyoona inafaa. Picha za ukutani nyingi zimejaziwa na wachoraji wake, yule "mwana wa mfalme" mwenye taji la maua vipande vyake huenda hata si vya mtu mmoja. Hata jina la Waminoa, hao watu wa kale wa Krete, ni Evans alilolisambaza kutoka kwa mfalme Minos wa hadithi, wenyewe walijiitaje hakuna anayejua, maandishi yao, Linear A, mpaka leo hayajasomeka, na lugha yao haionekani kuwa Kigiriki. Na ile ya volkano ya kisiwa cha Santorini iliwafuta siku moja, ndo Atlantis yenyewe, kile kisiwa cha hadithi kilichozama: mlipuko ni karibu 1600 KK, ikulu za Krete zikaja kuangushwa karibu 1450 KK. Hapo katikati watu wamezaa, wamezika, wamepata vitukuu. Atlantis tunaipata kwa mwanafalsafa Plato, na kabla yake hakuna aliyeitaja.

Kuna lingine la kwetu zaidi, eti miungu yote ya Kigiriki iliibwa Misri. Hili halikuanzia mtandaoni, Herodotus mwenyewe, mwanahistoria wa Kigiriki, karne ya 5 KK aliandika kwamba karibu majina yote ya miungu yalitoka Misri. Na ni kweli walijifunza mengi kule, angalia sanamu zao za mawe za mwanzo, kijana kasimama wima mguu wa kushoto mbele ngumi zimekunjwa, hiyo ni pozi ya Kimisri mia kwa mia. Ila kwa majina Herodotus alikosea, na tunajua kwa sababu ya vibao vya udongo.

Hivi vibao ndo ugonjwa wangu. Vimeandikwa Linear B, mwandiko mwingine wa kale, vilipatikana Knossos, Pylos (ikulu ya kale kusini mwa Ugiriki) na kwingine, na hakuna aliyeweza kuvisoma mpaka 1952 ambapo Michael Ventris, msanifu majengo, siyo profesa wa lugha, aligundua kwamba ni Kigiriki cha zamani kabisa, akijengea juu ya kazi ya Alice Kober aliyekufa miaka miwili kabla. Na Zeus yumo, Poseidon yumo, Hera yumo, miaka 700 na zaidi kabla ya Herodotus. Sasa wote tulitegemea tukute na mashujaa. Wapi! Ni hesabu za stoo. Kondoo, sufu, mafuta, wanawake wa kazini na watoto wao na mgao wao wa nafaka na tini. Kibao kimoja cha Pylos karani anahesabu masufuria ya shaba ya miguu mitatu, akifika kwenye moja anaandika kwamba limetengenezwa Krete na miguu yake imeungua. Basi. Udongo wenyewe haukuchomwa, ulikaushwa tu wa kutumia mwaka huo, ikulu ilipoungua na moto ndo ukaupika ukawa mgumu ukatufikia.

Majina ya mashujaa yamo lakini. Knossos kuna Achilles, Pylos kuna Hector, watu wa kawaida tu kwenye orodha. Na kule Knossos kuna vibao vya ng'ombe wa kulimia, wawili wawili, kila mmoja na jina lake: Kelainos, yaani Mweusi, na mwingine Podargos, kama Miguu-myeupe hivi. Ukirudi kwenye Iliad, kitabu cha 8, Hector anawahimiza farasi wake vitani anawaita kwa majina, na mmoja wao ni Podargos.